Kumtoga Mtoto Masikio: Wapi, Lini na kwa Sindano Gani?

Mjini Mpanda, mkoani Katavi, mzazi anayetaka mtoto wake atogwe masikio hakosi mtu wa kumfanyia. Kuna wauguzi, kuna masonara, kuna saluni zenye bunduki ya kutobolea, kuna vijana wanaouza hereni sokoni na minadani ambao hutoboa papo hapo mteja akiwa amesimama, na karibu kila ukoo una bibi mwenye mkono mwepesi na sindano yake ya uzi. Ukitoka mjini kuelekea Mishamo, Karema, Inyonga au Usevya, mara nyingi hubaki zahanati au bibi. Ndiyo maana wazazi huulizana sana wakiwa kwenye foleni ya mizani siku ya kliniki: nimpeleke wapi? Swali ni zuri, lakini lina mengine mawili yanayopaswa kulitangulia: mtoto ana umri gani, na kitu kitakachopita kwenye sikio lake kimetoka wapi.

Awe na umri gani?

Chukua kadi ya kliniki uisome. Mtoto wa Tanzania huchanjwa dhidi ya pepopunda mara 3, akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, ndani ya ile chanjo ya pamoja inayomkinga pia na dondakoo, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B, na vimelea vya Hib vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kabla ya dozi ya tatu, kinga yake bado inajengwa. Kumtoga ni kumfungulia majeraha mawili, na pepopunda haihitaji jeraha kubwa. Tundu la mwiba linaitosha.

Kuna mama atakayesema: mimi nilichanjwa pepopunda nikiwa mjamzito, mtoto amezaliwa na kinga. Ni kweli, kinga ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Lakini hiyo ni kinga ya kuazima, inapungua kadiri wiki zinavyokwenda, na mama aliyeanza kliniki akiwa na ujauzito mkubwa huenda hakupata dozi za kutosha.

Mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya akina mama wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Ni ushindi mkubwa, na ulipatikana kwa chanjo na kwa kukata kitovu kwa wembe safi. Hata hivyo vijidudu vyenyewe havijaenda popote. Vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na mkoa wetu una mashamba kila upande na ng'ombe wengi. Kinachomtenga mtoto na pepopunda ni chanjo pamoja na usafi wa kifaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: acha wiki 14 zipite, dozi 3 zionekane kwenye kadi, kisha mtoge atakapokuwa na miezi 4 au zaidi. Usimtoge siku ileile ya chanjo. Chanjo huweza kuleta homa ya siku moja au mbili, na mtoto akichemka usiku hutajua kama ni chanjo, ni masikio au ni malaria. Kwa mtoto mchanga swali hilo si dogo: aliye chini ya miezi 3 akipata homa, hapewi dawa ya maji ya kusubirishia nyumbani, anapelekwa kituoni usiku huohuo. Hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kutomtoga mtoto wa wiki 2.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani husema hatari ni ndogo katika umri wowote kama kazi imefanywa kwa usafi na masikio yakatunzwa vizuri, ila kwa tahadhari hupendekeza kusubiri mpaka mtoto aweze kuyatunza mwenyewe. Mzazi anayesubiri hajakosea. Maneno ya jirani, kwamba mtoto hajulikani kama ni wa kike, hayajawahi kumdhuru mtoto.

Basi, wapi?

Ningeanza na kituo unachompeleka kliniki. Pale wanamjua mtoto, kadi yake wanaisoma, vifaa vya kutumia mara moja wanavyo, na jeraha likiharibika utarudi kwa mtu aliyelifanya. Si kila zahanati hutoga masikio, kwa hiyo uliza siku ya kupima uzito, ukiuliza pia siku inayowafaa na gharama. Kutoga si chanjo wala si matibabu, usishangae ukitakiwa kulipia. Lipa panapolipiwa, upewe risiti. Kwa anayetoka mbali, hasa masika barabara zinapoharibika, kuuliza mapema kunaokoa nauli ya safari ya bure.

Hata hivyo ukuta wenye rangi ya hospitali haumlindi mtoto. Kinachomlinda ni mambo unayoweza kuyaona kwa macho yako, na mzazi ana haki ya kuyatazama popote alipo, iwe hospitali ya rufaa ya mkoa, saluni au uani kwa bibi. Mtogaji anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, avae glovu mpya. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, na ifunguliwe mbele yako. Hereni nazo ziwe mpya, ziwe zimetakaswa. Sikio lifutwe kwa spiriti au dawa nyingine ya kusafishia ngozi, na liachwe likauke. Alama mbili ziwekwe kwa kalamu mtoto akiwa ameketi wima, wewe uzitazame kwa mbele kabla ya sindano kuingia, maana tundu lililopanda upande mmoja halirekebishwi kwa maneno. Likishatobolewa sikio la kwanza, la pili lifuate mara moja, kabla mtoto hajajua kichwa chake kinatafutwa tena. Sindano iliyotumika iende kwenye boksi maalumu la kutupia sindano, isirudi kwenye kopo.

Ukiona moja kati ya haya limekosekana, sema. Muuguzi mzuri hakasiriki akiombwa kufungua pakiti mbele ya mzazi. Akikasirika, beba mtoto wako, masikio yatatogwa siku nyingine.

Kuhusu maduka ya dawa muhimu: kazi yake ni kuuza dawa zilizoruhusiwa na kutoa maelekezo ya matumizi. Si mahali pa kuchoma sindano wala kutoga. Nenda pale kununua sindano mpya, pamba na spiriti, kisha uondoke navyo.

Bunduki ya saluni ina ubaya gani? Mbona ni ya haraka?

Ni ya haraka, na kwa jicho la mzazi inaonekana ya kisasa kuliko sindano. Tatizo liko kwenye umbo lake. Nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mvuke wa kutakasia vifaa, ule wa joto la nyuzi 121 wenye mgandamizo. Hivyo kinachofanyika kati ya mteja na mteja ni kupangusa kwa pamba yenye spiriti. Tone la damu lisiloonekana kwa macho hubaki kwenye kijibomba chake, na virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Chanjo ya ugonjwa huo iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Maana yake ni kwamba mteja mtu mzima aliyekaa kwenye kiti kilekile asubuhi huenda hakuwahi kuchanjwa utotoni, na huenda anavyo virusi bila kujijua, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu hawaumwi chochote kwa miaka mingi.

Jambo la pili ni namna inavyotoboa. Sindano hukata njia. Bunduki husukuma hereni butu kwa nguvu ya springi ipite kwenye nyama, na nyama huchubuka zaidi. Kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini, mwili huvumilia. Juu kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, damu haifiki kwa wingi, na uambukizi ukiingia huweza kulila sikio mpaka likasinyaa. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu waliotobolewa kwenye kibanda kimoja cha kuuzia mapambo walipata uambukizi wa namna hiyo. 7 walithibitishwa kwa vipimo, na wote walikuwa wametobolewa kwenye gegedu. Wachunguzi walikikuta kijidudu kilichowaambukiza kwenye sinki la wafanyakazi na kwenye chupa ya dawa waliyokuwa wakiitumia kuua vijidudu. Chupa ya dawa yenyewe! Kwa hiyo ukiona chupa ya spiriti isiyo na lebo, inayojazwa tena na tena na kuchovywa pamba ileile, usijifariji kwamba dawa ipo.

Zipo bunduki zenye kibebeo cha hereni kinachokuja kimefungwa na kutupwa baada ya mteja mmoja. Hizo zina nafuu kubwa. Mwambie fundi akuonyeshe kibebeo kikitoka kwenye pakiti. Akikwambia mashine ni moja na imepanguswa, hiyo si ya mtoto wako. Na kwa mtoto mdogo, iwe sindano au bunduki, tundu ni la ndewe tu. Sehemu ya juu tumwachie aamue mwenyewe akiwa mtu mzima.

Vijana wa sokoni na mnadani sina maneno mengi juu yao. Ni watafutaji, hereni zao nunua ukipenda. Lakini vumbi la mnada, mikono iliyokuwa ikihesabu noti, na sindano moja kwa watu wengi, havimfai mtoto.

Bibi amewatoga wote nyumbani na hakuna aliyeumwa. Tumwambie nini?

Tumwambie kwa heshima, na tusianze kwa kumfundisha. Bibi anajua mambo ambayo wauguzi vijana hawayajui: kulipapasa sikio mpaka lilegee, kumshika mtoto asijitingishe, kupima kwa jicho pande zote mbili zilingane. Ambacho hakuwa nacho enzi zake ni sindano ya pakiti.

Kasoro ya njia ya zamani iko kwenye sindano ya kushonea inayokaa kwenye kitambaa mwaka mzima. Kuiunguza kwa moto wa kiberiti huipaka masizi na hakuhakikishi kitu. Kuichemsha kwa dakika 20 huua vijidudu vingi, virusi vya homa ya ini vikiwemo, lakini mbegu za pepopunda huweza kustahimili maji yanayochemka. Uzi wa cherehani unaoachwa sikioni hunyonya jasho, vumbi na usaha. Kisha kuna vinavyopakwa: majivu, masizi ya chungu, mafuta ya taa, dawa ya meno, na kwa baadhi ya familia samadi. Samadi ndiyo nyumba yenyewe ya pepopunda. Hili la mwisho halina mjadala wala upole.

Mama mkwe au bibi anaweza kuambiwa hivi: "Bibi, mtoto tunampeleka kituoni Jumanne, tunaomba uende naye wewe umpakate." Naye apewe kazi ya kuchagua hereni, na wa kumbembeleza mtoto awe yeye. Na kama mnaishi mbali na kituo, na ni lazima iwe mkono wake, basi sindano mpya ya bomba iliyofungwa, glovu, spiriti na hereni mpya viletwe kutoka mjini, na dozi 3 za chanjo ziwe zimekamilika. Sindano hiyo ina bei ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kumkimbiza mtoto hospitali.

Kuna watoto wasiotakiwa kutogwa?

Wapo wanaotakiwa kumwona daktari kwanza. Mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli, ni wa kwanza, kwa sababu uambukizi mdogo kwake huweza kuamsha maumivu makali na kumlaza. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini, na wengine hufikisha mwaka wakiwa hawajapimwa. Mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu mara kwa mara, au anayekuwa na macho ya manjano na damu pungufu, apimwe kabla ya yote. Wengine ni mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa, anayetoka damu isiyokata haraka, aliyezaliwa njiti na bado mdogo, mwenye utapiamlo, na mwenye upele au vidonda masikioni. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye mtoto wake bado anafuatiliwa kliniki amweleze muuguzi wake. Hakatazwi, anapangiwa wakati mzuri.

Halafu kuna keloidi, lile kovu linaloota na kuzidi jeraha lenyewe mpaka likawa kama kidonge kwenye ndewe. Hutupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi, na hufuata ukoo. Kama mama, baba au shangazi analo, jua kwamba mtoto naye anaweza kulipata. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliona kuwa waliotogwa kabla ya miaka 11 walipata keloidi kwa uchache kuliko waliotogwa baadaye. Familia ya namna hiyo ina mambo mawili ya kupima: kutotoga kabisa, au kutosubiri mpaka balehe.

Hereni za kwanza ziwe za namna gani?

Adui hapa ni nikeli, madini yanayochanganywa kwenye hereni za bei rahisi ili zing'ae na kuwa ngumu. Ndiyo inayoongoza duniani kwa kusababisha mzio wa ngozi unaotokana na madini, na ngozi iliyotobolewa huipokea moja kwa moja. Mtu akishapata mzio wa nikeli huwa nao maisha yake yote, hata kifungo cha suruali na mkanda wa saa vitamwasha. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliwekea hereni za kwanza kiwango kikali cha nikeli kwa sababu hiyo.

Kilicho bora ni dhahabu halisi au titani; chuma cha pua cha hospitali hufuata. Dhahabu uulize karati: ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 14 asilimia 58 na kidogo, na kinachobaki ndicho cha kuuliza. Iliyopakwa dhahabu juu si dhahabu. Rangi ikichubuka, madini ya chini hugusa jeraha. Katika mkoa ambao wachimbaji wadogo huitoa dhahabu ardhini, sonara anayejiheshimu atakueleza bila kusitasita amechanganya nini. Umbo liwe dogo, bapa, lisiloning'inia, lenye kizibo cha nyuma cha kukaza kwa kuzungusha. Mtoto mchanga huvuta kila anachokigusa na kukipeleka mdomoni, na hereni iliyochomoka humkaba.

Maumivu je?

Mnyonyeshe. Mtoto aliye ziwani wakati sindano inaingia hulia kidogo kuliko aliyelazwa kitandani, na hili limeonekana wazi kwenye chanjo. Usimpake dawa ya ganzi ya kununua mwenyewe. Baadhi yake ni hatari kwa watoto wadogo.

Tukifika nyumbani?

Osha mikono kila unapotaka kugusa sikio, na usiache kila mgeni aliguse. Mara 2 kwa siku pangusa mbele na nyuma kwa pamba safi yenye maji ya chumvi: chemsha maji, pima nusu lita, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe. Kausha. Usizungushe hereni kwa nguvu kila siku kama tulivyoelekezwa zamani. Kuzungusha huchana ngozi inayoanza kuota. Hereni zisitolewe kwa wiki 6 hadi 8. Mafuta ya nywele na poda yasifike pale, na mtandio au kofia ya sufu isivutwe kwa pupa.

Wekundu kidogo na uvimbe mdogo wa siku 2 au 3 ni kawaida. Si kawaida usaha, sikio kuwa la moto na kuvimba zaidi kila siku, wekundu unaopanda kuelekea gegedu, au kizibo cha hereni kuanza kuzama ndani ya nyama. Hapo nenda kituoni, na usiing'oe hereni mwenyewe kwa nguvu, kwa maana tundu likifunga juu usaha hubaki ndani. Mtoto akipata homa, akapimwe malaria hata kama sikio linaonekana kuwa ndilo chanzo. Huku kwetu homa haina sababu moja. Na mtoto anayeshindwa kufungua kinywa au kunyonya, anayekakamaa, asisubirishwe hata saa moja.

Na kama tukisubiri mpaka akue?

Ni uamuzi mzuri, ila angalieni kalenda ya shule. Shule nyingi za msingi haziruhusu hereni, na likizo ya Juni au ya Desemba haifikishi wiki zinazohitajika tundu kupona. Matokeo yake, mtoto hutoa hereni mapema na kuchomeka chelewa la fagio au njiti ya kiberiti ili tundu lisizibe, na hapo ndipo uchafu huingia. Wanaotaka kumsikiliza mtoto mwenyewe wanaweza kumuuliza akiwa na miaka 3 au 4, kabla ya darasa la awali, wakati bado ana miezi ya kukaa nyumbani. Nafasi nyingine ndefu huja baada ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, mpaka kidato cha kwanza kinapoanza Januari. Kwa mwenye keloidi kwenye ukoo, hata hivyo, nafasi hiyo ya pili huja akiwa ameshavuka miaka 11.